Mgomba Uliozikwa Badala ya Shem

Rispa alinipigia simu asubuhi nikiwa nachambua mrenda, akasema Shem amefariki Kisumu, na kabla sijampa pole akaongeza kwamba nyumbani hataletwa. Sikuuliza kwa nini. Pale kwao, juu ya Shinyalu, kuna kaburi la Shem tangu mimi na Rispa tukiwa wasichana, na ndani yake hamna mtu. Tulizika mgomba. Mtu hazikwi mara mbili, ndivyo wazee walivyosema wakati ule, na ndivyo wajukuu wao wanavyosema leo wakiwa na simu za kisasa mkononi. Basi tukamzika Shem katika makaburi ya umma ya Kisumu, kati ya watu nisiowajua, mvua ikinyunya. Alikuja mwenye nyumba aliyempangisha chumba, wakaja watu wachache wa kanisa lake, na mimi. Rispa, dadake wa tumbo moja, alikuja pia, lakini alisimama nje ya ua, na mchungaji alipomwita asogee akatikisa kichwa. Huyu ni nyanya wa wajukuu wengi, mwanamke asiyeogopa nyoka wala mwenyekiti wa kanisa, na bado kaburi la kakake lilimtisha. Sikumlaumu. Nilimshika mkono tukapanda gari la kurudi Kakamega. Nilipofika nyumbani nilikuwa na hasira ambayo nilidhani ilishazeeka na kufa.

Mwaka ninaouzungumzia nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, na nilikuwa nikiishi kwa Senje. Senje ni shangazi, dadake baba. Sababu za kupelekwa kwake hazina maana hapa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye maneno machache, aliyeweza kuchuma chai tangu umande hadi jua la utosi bila kunyoosha mgongo, halafu akarudi kupika. Nyumba yao ilikuwa upande wa nyuma wa msitu, mahali ambapo mashamba ya mahindi yanakwisha na chai inaanza. Mimi na Rispa tulilala kitanda kimoja katika chumba kilichokuwa pia ghala la maharagwe, hivyo tulinuka vumbi la maharagwe hata kanisani. Ukuta uliotutenga na sebule ulikuwa wa udongo na haukufika juu kwenye mabati. Watu wazima wa nyumba ile waliamini kwamba wakiongea polepole hatuwasikii. Tulisikia kila kitu. Nusu ya mambo ninayoyajua kuhusu ndoa, deni na dini niliyapata nikiwa nimelala chali, Rispa akinifinya kila palipofika pazuri.

Shem alikuwa kifungua mimba wa Senje, kijana wa umri wa kuoa, mchekaji, mwenye mikono ya kutengeneza vitu. Alitaka kwenda Kisumu akajifunze kuchomelea vyuma. Babake hakutaka kusikia. Baba Shem alikuwa amewahi kuwa askari wa msitu, na alikuwa mzee wa kanisa, na kama wengi wa aina hiyo alikuwa hajui kushindwa katika nyumba yake mwenyewe. Alisema shamba la chai halichumwi na barua kutoka Kisumu. Ugomvi ulikuwa ukirudi kila wiki kama zamu ya kufagia kanisa, na kila mara Senje akijaribu kuingia kati, mumewe alimkumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Jioni ile ya mwisho tulikuwa tukila obusuma, ugali wetu, na mboga za kunde, na mvua ndefu ilikuwa karibu kuanza. Shem alisema ataondoka kesho, aruhusiwe asiruhusiwe. Alikuwa amevaa lile koti zito la kaki ambalo babake alipewa kazini zamani na ambalo Shem alilivaa tangu mabega yake yalipolitosha. Baba Shem aliweka tonge chini. Akasema, pasipo kupandisha sauti, "Ondoka. Lakini kumbuka hata hilo koti ni langu." Shem hakumaliza chakula. Kulipopambazuka hakuwepo, na koti halikuwepo.

Ili usafiri kwenda upande wa ziwa kwa miguu, kutoka kwetu, ulipanda kilima tulichokiita Lukoba. Lukoba ni neno letu la boma la vita. Watu wa kale walichimba handaki kuzunguka kilele, wakapanga mawe kuwa ukuta, na ndani yake wakajificha na ng'ombe na watoto wakati wa mashambulizi. Baadaye, katika vita vya wazungu, askari wa serikali waliwekwa hapo kuangalia nchi ya chini, nao wakaacha chumba kidogo cha saruji chenye tundu refu la kuchungulia. Hivyo kilele kina ngome mbili, moja ndani ya nyingine, na zote mbili zimeachiwa mbuzi. Ukivuka ukuta ukasimama upande wa pili, ardhi inaanguka mbele yako ghafla, na kama mvua imesafisha hewa unaona tambarare yote ya chini mpaka ziwa, na ufuo wake umepinda, na mabati ya Kisumu yanametameta. Wageni wanaokuja siku hizi na kamera husema ni mahali pazuri sana. Ni kweli ni pazuri. Mimi sijawahi kupiga picha pale.

Mvua ilinyesha mwaka ule kama iliyotumwa. Shem hakutuma neno. Wiki zikapita, mahindi yakafika magotini, na Baba Shem akaanza kuulizia kwa watu waliotoka sokoni Kisumu, akijifanya anauliza bei ya chumvi. Hakuna aliyemwona. Kisha Berita, mama mmoja aliyekuwa akitafuta kuni huko juu, akaja kwetu na koti mkononi. Alisema kipande cha ukuta wa kale kimeporomoka kwa mvua na kuziba njia, mawe makubwa yamelala juu ya mawe, na koti lilikuwa hapo karibu. Baba Shem alilishika, akaligeuza, akaangalia ndani ya kola mahali alipowahi kushona alama yake. Kisha alikaa chini juu ya gogo la kupasulia kuni. Wanaume walipanda siku ile ile na mitaimbo, wakarudi wamelowa. Mawe mengine, walisema, hayawezi kusogezwa hata na fahali kumi wa kupigana wa Shinyalu.

Hapo ndipo Senje alipouliza swali ambalo nimelibeba maisha yangu yote. Alimvuta Berita jikoni, akamkalisha karibu na moto, akampa chai ya maziwa na viazi vitamu, akamwuliza koti lilikuwaje pale lilipokuwa. Berita akafikiri. Akasema lilikuwa juu ya ukuta uliobaki, sio chini. Limekunjwa. Na juu yake palikuwa na jiwe, dogo, la kuzuia upepo. Senje alingoja Berita amalize chai. Ndipo akatuambia mimi na Rispa, akiwa ametazama moto, "Mtu anayekufa hakunjangi koti." Kwake jambo lilikuwa limekwisha. Shem alimrudishia babake mali yake, akaiweka mahali ambapo mpita njia ataiona, akateremka kwenda ziwani akiwa na shati tu. Yuko hai na amekasirika, na hasira ya kijana haidumu kuliko msimu wa mahindi.

Alimwambia mumewe usiku huo huo, na sisi tukasikia kupitia ukutani. Nilidhani Baba Shem atafurahi. Badala yake alisema kwamba Berita ni mlevi. Berita hakuwa mlevi. Nilikuwa msichana tu na sikuelewa kwa nini baba akatae habari kwamba mwanawe anaishi. Leo ninaelewa, na kuelewa hakujanipoza. Kama Shem alikuwa chini ya mawe, basi Mungu alitoa na Mungu ametwaa, na baba ni mtu wa kuonewa huruma. Kama Shem alikunja koti akaliwekea jiwe, basi ni baba aliyemfukuza, na koti ni jibu lake. Baba Shem alichagua mawe. Sidhani alijua kwamba anachagua. Aliamini kabisa, alikonda, alilia akiwa peke yake kwenye chai, nilimwona. Lakini alichagua.

Kwetu, mtu aliyefia mahali asipoweza kupatikana haachwi hivyo hivyo. Roho yake huzurura, huja katika ndoto, hugonga milango ya nduguze. Basi jamaa huenda mahali alipoonekana mwisho, humwita kwa jina, hukata tawi la mti na kulikokota mpaka nyumbani bila kugeuka nyuma wala kusema na mtu njiani, kwa maana anakuja nyuma yao. Kisha hukatwa mgomba wenye kimo chake, huvishwa nguo zake, huzikwa kama mtu. Baba Shem alianza kuota. Katika ndoto Shem alisimama mlangoni akiwa hana koti. Mzee Mukabwa, mkubwa wa ukoo, alikuja na wenzake wakakaa sebuleni, na mimi na Rispa tukalala kitandani tukiwa na macho wazi. Walizungumza kwa upole, siwezi kusema walikuwa watu wabaya. Walimwita Senje atoe neno. Akasema, "Mkizika mgomba wa mtu mzima, mnamuua. Akirudi atapitia wapi?" Mzee Mukabwa akamjibu kama mtu anavyombembeleza mtoto asiyetaka dawa. "Mama Shem, hakuna mtu anarudinga kutoka chini ya mawe." Rispa hakunifinya usiku ule. Alikuwa ameshika shuka kwa meno.

Tulipanda Lukoba kumwita Shem asubuhi ya baridi, ukungu ukiwa bado mashambani. Wanaume walitangulia, Baba Shem akiwa amevaa lile koti, jambo lililonishangaza, kisha Senje, kisha mimi na Rispa. Njia ilipita kwenye handaki la kwanza, ambalo limejaa kangaga na miiba, na kupanda kwake ni kwa mikono na magoti. Palikuwa na utelezi. Tulipofika kwenye ukuta nikaona mahali ulipoporomoka, mawe mekundu kwa udongo mpya, na nikaona pia sehemu iliyobaki imara, bapa kwa juu kama meza, ambapo ungeweza kukunja nguo. Mzee Mukabwa aliita. Wanaume wakaita baada yake. "Shem, twende nyumbani." Sauti zilienda chini tambarareni na hazikurudi. Wakamwambia Senje aite, kwa sababu sauti ya mama haikataliwi. Alikuwa amepita ukuta, amesimama karibu na chumba cha saruji, ukungu umefunguka na ziwa limeonekana lote, jeupe, na ukingo wake mweusi. Hakuita. Alinyoosha mkono kuelekea Kisumu akasema, "Mimi namuona. Yuko kule." Mmoja wa wanaume alikohoa. Wakakata tawi, wakaanza kulikokota, na sheria ni kwamba kuanzia hapo hakuna kusema, kwa hiyo hakuna aliyemjibu.

Mazishi yalikuwa na watu wengi. Ng'ombe waliletwa wakakimbizwa uani kwa nyimbo kama ilivyo heshima ya mwanamume wa kwetu, vumbi likatanda, akina mama wakapika mahenjera, mahindi na maharagwe pamoja, kwa masufuria makubwa. Mchungaji hakuja kwa sababu mgomba si Mkristo, lakini mkewe alikuja akapika kuliko wote. Nikamwona mgomba umelazwa kwenye sanduku, umevishwa suruali ya Shem ya Krismasi na shati lake la kanisani, vifungo vimefungwa vyote mpaka juu. Sijui ni nani aliyevifunga. Wanawake walilia kwa zamu, kila kundi likiingia langoni na kilio chake, na walipofika kwa Senje wakakuta amekaa juu ya mkeka na macho makavu. Hakulia. Walimzunguka, wakampapasa mgongo, wakamwambia jikaze lakini lia, atakaye kupona hulia. Hakulia kwenye kaburi wala baada ya kaburi. Kwa miezi iliyofuata jambo hilo lilizungumzwa kisimani na kwenye chai kuliko kifo chenyewe. Walisema ana moyo wa jiwe. Walisema mama asiyemlilia mwanawe analo jambo. Aliyasikia, akaendelea kuchuma.

Shem alirudi Desemba. Nilikuwa uani nikianika mahindi, na Rispa alikuwa akisuka nywele za mtoto wa jirani. Alikuja mchana kweupe akitokea upande wa kilima, amevaa shati jipya, begani ana mfuko wenye mkate na sukari na samaki mkavu, na kucha zake zilikuwa nyeusi kwa kazi ya vyuma. Alikuwa amenenepa kidogo. Alitabasamu kutoka mbali. Alipofika langoni akaona tuta la udongo pembeni mwa migomba na msalaba wenye jina lake, akasoma, akacheka, akidhani ni mzaha fulani ambao bado hajaelezwa. Rispa alipiga ukemi. Baba Shem akatoka ndani. Nataka kuandika kwamba alimkimbilia. Alichukua hatua, nakumbuka vizuri, mikono ikiwa imetangulia mbele, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyefunguliwa kamba. Kisha akaliona kaburi, katikati yao, akasimama. "Simama hapo hapo," alimwambia. "Usiingie."

Wazee waliitwa. Shem alikaa nje ya lango juu ya mfuko wake huku babake akiwa ndani, na Senje akiwa kati, ameshika nguzo ya lango, haruhusu hata mmoja wao amsukume. Kaburi lililochimbwa kwa jina la mtu lina haki yake, Mzee Mukabwa alieleza. Mwenye jina akipita langoni, kaburi litafahamu kwamba limedanganywa, nalo litamchukua mwingine wa nyumba ile ajaze nafasi. Senje aliuliza kama hakuna dawa, kama mila iliyojua kufunga haijui kufungua. Wazee wakatazamana. Wakasema ilikuwepo, kulikuwa na namna ya kuufukua mgomba na kumpitisha mtu mahali pengine pasipo lango, na kondoo wa namna fulani, na maneno. Lakini mzee aliyeyajua maneno hayo alikufa kabla ya uhuru na hakumwachia mtu. Nimesikia mambo mengi ya kijinga maishani, nimefanya kazi katika wodi za serikali, lakini hilo linashinda. Wanaume wazima walikumbuka namna ya kumzika mtu hai na hakuna hata mmoja aliyejisumbua kukumbuka namna ya kumfufua. Shem aliwasikiliza wote. Ndipo akasema, "Baba, mimi ndiye huyu. Niguse." Baba Shem aligeuka. Akaingia ndani ya nyumba akafunga mlango.

Shem hakwenda mbali. Alipanda Lukoba, akalala kwenye kile chumba cha saruji, kwa sababu Senje alimwambia angoje, atamlainisha babake. Kila siku alimpelekea chakula, na mara nyingi nilimbebea sufuria. Pale ndani ya ngome tulikula sote watatu kwa sahani moja. Palikuwa mahali pasipo lango la mtu, na hakuna kaburi la jina lolote tulilolijua. Shem alitusimulia Kisumu, karakana alikofanya kazi, tajiri wake wa Kihindi aliyemwita fundi kabla hajawa fundi. Alisema hakutuma neno kwa sababu alitaka arudi na kitu mkononi. Hakumtukana babake hata siku moja. Aliuliza tu kama koti lilionekana, na Senje akasema ndiyo, babako analivaa. Shem alifurahi sana kusikia hivyo. Kwa muda nilidhani mambo yatatengenea, maana Baba Shem alikuwa ameanza kuuliza, huku ametazama pembeni, kama sufuria lile lina nyama.

Halafu Rispa akaugua. Ilianza kwa kuumwa kichwa jioni, na kabla ya asubuhi kitanda chetu kilikuwa kikitetemeka chote. Alisema maneno yasiyo na mpango. Tulimpeleka zahanati akadungwa sindano, akarudishwa, joto likashuka likapanda tena. Nilikuwa muuguzi tangu nilipofikia umri wa kuajiriwa mpaka nilipostaafu, na niliingia kazi hiyo kwa sababu ya wiki ile, na ninaweza kukwambia bila kusita kwamba ilikuwa malaria, ya aina inayopanda kichwani, na kwamba dawa waliyompa ilikuwa nusu ya iliyohitajika. Lakini siku hizo sikujua. Akina mama walikuja kutuona, wakakaa sebuleni, na mimi nikiwa nampangusa Rispa kwa kitambaa chenye maji nikawasikia kupitia ule ukuta. Hawakusema kwa ubaya. Mmoja alisema kaburi linatafuta wa kwake kwa kuwa Shem bado yuko karibu. Mwingine akasema heri lingepewa yule yule aliyeandikwa. Senje alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda upande wetu wa ukuta. Alisikia kila neno, kama sisi tulivyosikia siku zote. Alimtazama Rispa, ambaye macho yake yalikuwa nusu wazi na meupe, akasimama, akajifunga leso kiunoni, akaniambia nichukue sufuria.

Ilikuwa karibu saa sita mchana tulipofika juu. Jua kali, hewa safi, ziwa limekaa pale chini na ufuo wake wote unaonekana. Shem alikuwa amekaa kwenye ukuta akichonga kijiti. Aliuliza hali ya Rispa.

"Haamki," Senje akasema.

Hakuketi. Nilitua sufuria chini na sikujua nitazame wapi. Shem akamwuliza, polepole, kama mtu anayeomba ruhusa, "Mama, kwani wewe unaamininga hayo mambo?"

"Siamini."

"Basi?"

"Siamini, Shem. Lakini sina mtoto wa kujaribia."

Shem aliacha kuchonga kijiti. Alielewa, na afadhali angekuwa mjinga asielewe. Aliuliza mpaka lini. Senje alimwambia yeye hajui, pengine mpaka yeye mwenyewe akufe, pengine na baada ya hapo. Alimwambia huko aendako aoe, na watoto wake awape majina ya watu wa mkewe, wasiitwe kwa jina la kaburi lile. Hakumkumbatia. Nadhani aliogopa kwamba akimgusa hataweza kumwachilia. "Wale walikuzika mimi nikakataa," alimwambia. "Sasa ni mimi nakutuma. Enda, na usigeuke nyuma."

Shem alifunga mfuko wake. Alipitia mahali ukuta ulipoporomoka, akateremka upande wa ziwa, na kweli hakugeuka, alikuwa mtoto mtiifu kuliko walivyompa sifa. Senje alisimama akimtazama akipungua kwenye mteremko, akionekana na kupotea kati ya vichaka, hadi hata shati lile jipya halikuonekana. Chakula tulichobeba hakikuliwa. Tulianza kushuka kurudi nyumbani bila kusema lolote, mimi nyuma na sufuria zito, na tulipovuka handaki la mwisho, pale ambapo mashamba ya kwanza yanaanza, Senje alilia.

Sijasikia kilio kama kile kabla wala baada, na kazi yangu imenisikizisha vingi. Alilia kwa sauti ya kufikisha habari, kama mwanamke anayeingia kwenye matanga, mikono kichwani. Milango ilifunguka. Akina mama wakatoka majikoni na mwiko mkononi, wakatoka kwenye chai na vikapu mgongoni, wakamkimbilia wakidhani Rispa ameaga. "Nani amekufa?" waliuliza. Senje akawaambia, "Shem wangu." Wakatazamana. Kisha nikaona nyuso zao zikilegea, mmoja baada ya mwingine, na yule jirani aliyekuwa amemsema sana kisimani akamshika kiuno akalia naye, na mwingine nyuma yangu akanong'ona kwamba Mungu ashukuriwe, hatimaye amekubali. Walimsindikiza mpaka nyumbani wakiimba. Jioni walileta unga, wakaleta kuku, wakaleta majani ya chai na mkeka wa kukalia, kama watu wanavyofanya penye msiba. Senje alikaa uani karibu na tuta, akawapokea wote, akamshukuru kila mmoja kwa kuja.